Mpangaji wa Nyumba ya Kati

Wallahi, na ulimi huu ukauke kama ngozi ya papa juani nikiongeza hata tone moja: haya ninayoyaandika yalitokea, yote, na yalitokea hivi hivi. Najua wanaonijua hapa Amu, Lamu ya ramani, wameshaanza kutikisa vichwa. Ndiyo, ni mimi niliyewasimulia habari za pweza wa Shela aliyenishinda bao mara tatu, kwa sababu mwenye mikono minane hapotezi kete. Na ni mimi niliyesema kwamba niliwahi kupiga chokaa mnara mzima nikiwa nimening'inia kwa kilemba cha imamu. Hayo yagaweni kwa kumi, kitakachobaki ni chenu. Hili msiligawe.

Naitwa Kamaludin. Skuli sikwenda, kusoma nilijifundisha mwenyewe, kwa maandishi ya mifuko ya saruji, na saruji naichukia, kwa hiyo hata herufi nazisoma kwa kuzitilia shaka. Kazi yangu ilikuwa chokaa. Miaka arobaini na mitatu nimepiga lipu kuta za mji huu, nimeziba nyufa za wakubwa na za wadogo, mpaka magoti yakakataa ngazi nikastaafu. Fundi wa chokaa huijua nyumba kuliko mwenyewe. Huingia mpaka kule ambako hata shemeji haingii. Basi watu wakinipa funguo zao niwatafutie wapangaji, hawanipi kwa uaminifu wangu. Wananipa kwa sababu nimeshaona kila kitu.

Bi Umulkheir alinipa funguo zake mwaka juzi, baada ya Idi. Alikuwa na miaka themanini na minane, mjane, na nyumba yake ya ghorofa iko mtaa wa Mkomani, ngazi ishirini na mbili kutoka mlangoni hadi juu. Miguu ilikuwa imemwambia basi. Bintiye Ruqaiya, mwanamke wa makamo mwenye maneno machache, akamhamishia kwake, nyumba ya pili yake, ng'ambo ya ujia. Ujia wenyewe ni mwembamba hivi kwamba ukipiga chafya huku, kule wanakujibu yarhamukallah. Bibi akawa anakaa dirishani kwa bintiye anaitazama nyumba yake kama mtu anayemtazama mwanawe amelala.

"Kamaludin," akaniambia, "nitafutia mpangaji. Nyumba isiyo na mtu hufa kabla ya mwenyewe."

"Nitakutafutia, Bi."

"Lakini umwambie. Nyumba ya kati si ya kulala mtu. Pale ameoshwa mamangu, na mamake mamangu, na wanangu wawili. Siku yangu ikiya, na mimi nioshwe papo. Mai yangu yashukie yaliposhukia yao. Mwambie kabla hajatia mguu ndani, asiye akasema hakuambiwa."

"Nitamwambia."

"Apa."

Nikaapa.

Kwa asiyezijua nyumba zetu: ukifika juu unapita ukumbi mmoja mrefu, kisha wa pili, kisha chumba cha ndani, na nyuma ya yote hayo kuna chumba kidogo kisicho na dirisha. Hicho ndicho nyumba ya kati. Humo wanawake walijifungulia, na humo wakaoshewa walipokufa. Sakafuni kuna kitobo, upana wake kama kiganja, na chini ya kitobo mfereji unapita katikati ya ukuta kushuka mpaka kwenye shimo la mchanga. Kitobo hicho ni ufuo wa nyumba, na kazi yake ni moja tu, kupokea maji aliyooshewa maiti, yasimwagike mahali watu watakapoyakanyaga.

Sasa nendeni mkapangishe nyumba kama hiyo.

Wa kwanza kumpeleka alikuwa Bwana Rufus, mtu wa bara, karani wa ofisi moja ya serikali. Ukumbi ulimpendeza. Nikamweleza sharti. "Maiti? Humu?" akauliza. Nikamwambia si kila siku. Akashuka zile ngazi ishirini na mbili kwa hatua sita, na mpaka leo tukikutana sokoni hunisalimu kwa mbali. Wa pili alikuwa Mwalimu Bochaberi. Yeye alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akasema atafikiria. Bado anafikiria.

Miezi minne nyumba ikakaa tupu, popo wakaingia. Ndipo akaja Chelangat.

Alitoka Kapchorwa, Uganda, kule milimani, na aliajiriwa hapa kutengeneza mitambo ya kiwanda kidogo kinachowauzia wavuvi barafu. Msichana wa miaka thelathini hivi, mrefu, hasemi ovyo. Kiswahili alikipata Kitale, alikosomea ufundi, na alikizungumza vizuri, kama mtu anayepanga matofali. Punda watatu walimbebea vitu kutoka gatini: mmoja sanduku, mmoja godoro, na wa tatu kisanduku cha vyuma cha kazi yake pamoja na blanketi nzito kama kondoo mzima. Mwenye punda alicheka njia nzima.

"Mama ndiye aliyenifungia," Chelangat akasema. "Nilimwambia huko ni joto. Akasema baridi haikosi mahali, ni kungoja tu."

Nikamzungusha. Akapenda zidaka, vile vishubaka vya ukutani, akagusa chokaa kwa kiganja, akaniuliza nani aliyeipiga. Nikasema mimi. Akanitazama upya. Na ilipofika zamu ya nyumba ya kati, neno lilikuwa tayari mdomoni, nawaapieni. Lakini nikamwona Bwana Rufus akishuka kwa hatua sita.

"Na hili shimo?" akauliza.

"Hilo," nikasema, "ni la babu wa babu yake mwenye nyumba. Alichimba njia ya chini kwa chini mpaka kisiwa cha Manda, aingize tende bila kulipa ushuru. Siku moja mbuzi akatumbukia humu, Ijumaa. Jumapili akatokea Manda, ndevu zimelowa, na watoto wawili nyuma yake."

Hakucheka. "Alikuwa wa rangi gani?"

"Mweupe. Na doa jeusi sikioni."

"Aha," akasema, akaandika kitu kwenye simu yake.

Niliwaambia moyoni, wale waliooshwa mle, mnisamehe, ni kwa ajili ya Bi Umulkheir, dawa zake hazijinunui. Hiyo ilikuwa nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kwamba kodi ya mwezi wa kwanza, robo yake ni ya mtafutaji, na mtafutaji alikuwa na paa linalovuja.

Hapo ndipo mashaka yake ya ugeni yalipoanza, na yangu yakaanza pamoja nayo.

Joto lilimpiga kwanza. Mtu anashinda kutwa akitengeneza barafu, kisha anarudi kulala katika tanuri. Maji ya bomba yalikuja na chumvi yake, punda walimwamsha, na akinunua gesi hajui nani wa kumpandishia. Yote hayo huzoeleka. Lisilozoeleka ni kukosa wa kukuuliza umeamkaje. Mji wetu una adabu nyingi, na adabu ikizidi hufanana na kiburi: sisi tulingoja atulie kwanza tusimsumbue, yeye akangoja akaribishwe kwanza asituvamie. Wiki tatu zikapita watu wanangojana. Alasiri moja nikamkuta amekaa kwenye ngazi, katikati, kama ameshindwa kwenda juu na kushindwa kwenda chini.

"Mzee," akasema, "hapa mgeni huzoea siku ya ngapi?"

"Ya arobaini," nikamjibu, kwa sababu ndiyo namba iliyonijia.

"Basi zimebaki kumi na tisa," akasema, akainuka.

Alikuwa anazihesabu. Niliona aibu, nami si mtu wa aibu nyepesi.

Siku ile ile, ng'ambo ya ujia, Bi Umulkheir naye alikuwa na swali lake. "Mtoto huyo mbona hayi kuniamkua? Umemwambia habari ya ufuo?"

"Nimemwambia, Bi. Lakini hajui Kiswahili. Anajua ile lugha ya mlimani kwao tu. Nilimweleza kwa mikono."

"Kwa mikono ulimweleza ufuo?"

"Alielewa. Alilia kidogo."

Jioni yake nikamwahi Chelangat kabla hajapata wazo la kwenda kumsabahi mwenye nyumba. Nikamwambia Bi ni kiziwi. Kiziwi kabisa, hasikii hata radi, tangu ule mzinga wa Idi ulipolipuka vibaya karibu naye, mzinga uliovunja vikombe mpaka Matondoni. Ukimsemesha unamtia huzuni bure. Mpungie mkono, inatosha.

Basi wakawa wanapungiana. Kila nikipita ujiani nikiinua macho namwona huyu dirishani na yule dirishani, mikono juu, midomo imefungwa. Wanawake wawili, mmoja amehamishwa kwake, mwingine hajafika kwake, na kati yao pumzi mbili za hewa. Nami nikapita chini ya mikono ile nikajiona mwerevu.

Mwezi wa pili Chelangat akanipigia simu. Amehamishia kitanda nyumba ya kati kwa sababu ndicho chumba chenye baridi peke yake, lakini mende wanatoka kwenye shimo. "Njoo uzibe, mzee. Hao mbuzi wa Manda watanisamehe."

Ningeweza kukataa. Kukataa kulitaka sababu, na sababu ilikuwa ile niliyoapa kuisema nikaimeza. Chokaa huchukua wiki kukauka vizuri, naye alitaka kulala siku hiyo hiyo. Nikaenda dukani, nikanunua mfuko mdogo wa kitu ninachokichukia kuliko vyote, nikakikoroga kwenye karai, nikakisindilia. Dakika ishirini. Mimi, fundi wa chokaa wa miaka arobaini na mitatu, nikatia saruji katika ufuo wa watu, mahali walipooshwa wafu wa vizazi vitatu. Nikapangusa kwa mwiko, nikasema, "Haya, lala salama," nikashuka. Chini mlangoni niligundua kwamba ninajifuta mikono kwenye kanzu.

Mwezi wa tano Bi Umulkheir akaanguka. Walimpeleka hospitali, wakamrudisha, na walivyomrudisha kila mtu alielewa. Ijumaa baada ya sala Ruqaiya akanisimamisha barazani kwao.

"Mama hali tena," akasema. "Anakunywa maji kwa pamba. Kila akifumbua macho anauliza jambo moja: ufuo uko wazi? Namwambia fundi anajua." Akanitazama. "Uko wazi, Bwana Kamaludin?"

"Uko wazi."

"Dini haikuweka sharti la chumba. Popote penye sitara panatosha, na mimi ningemwosha hapa hapa kwangu. Lakini hana haja ya dunia iliyobaki ila hiyo. Ameniambia, nikioshwa kwingine nitakwenda kama mgeni."

"Atakwenda kama mwenyewe," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imara kabisa. Hiyo ndiyo kazi ya sauti yangu.

Jumamosi asubuhi nikapanda zile ngazi na nyundo, patasi na uongo mpya. Chelangat alikuwa nyumbani, amejifunga leso kiunoni, anapika chai ya maziwa.

"Mzee, karibu. Kuna nini?"

"Mfereji," nikasema. "Kuna mfereji wa maji unapita chini ya nyumba ya kati. Unavuja. Nikiacha, ukuta utabeba maji, na ukuta ukibeba maji hapa Amu, juzi nimeona mmoja, umeota magugu ya bahari na kaa wakaingia."

"Kaa."

"Wakubwa."

"Basi vunja," akasema.

Nikaingia, nikasimama. Kitanda hakikuwemo. Sakafu imefagiwa, imepigwa deki, hakuna hata kandambili. Nikamuuliza kulikoni. Akasema joto limepungua, amerudi kulala ukumbini. Joto lilikuwa halijapungua hata chembe, lakini mtu mwenye uongo wake mkononi hana nafasi ya kuukagua wa mwenzake. Nikapiga magoti nikaanza.

Saruji haina huruma. Niliipiga nusu saa, ikanirudishia vumbi. Kila pigo la nguvu lilipasua chokaa ya pembeni, chokaa ya wazee, na saruji ikabaki inanitazama. Nina miaka sabini na mmoja. Kiganja kilichubuka, damu ikapaka mpini. Nikafikiria Bi Umulkheir anavyouliza na macho yamefumbuka, nikapiga. Nikafikiria pengine anakata roho sasa hivi ng'ambo ya ujia na mimi niko hapa napigana na dakika zangu ishirini, nikapiga. Chelangat akaleta kikombe chake akakaa kizingitini, simu ameiweka sakafuni kando yake.

"Mzee," akasema, "yule mbuzi aliyetokea Manda. Alikuwa wa rangi gani?"

"Wa udongo," nikasema bila kuinua kichwa.

"Uliniambia mweupe. Na doa jeusi sikioni. Nimeandika."

"Alichafuka njiani."

"Kamaludin," ikasema simu. "Mbuzi huyo alikuwa wangu au wako?"

Nyundo ilinitoka mkononi. Sauti ilikuwa nyembamba, ya kukwaruza, kila neno limechukua pumzi yake, lakini ilikuwa sauti ya Bi Umulkheir, na ilitoka kwenye simu ile sakafuni. Nikamtazama Chelangat. Alikuwa anakunywa chai.

"Hasikii," akaniambia polepole. "Ni kiziwi. Mpungie mkono."

Nilikaa chini. Nilikaa juu ya vumbi langu.

"Wiki ya tatu," akasema Chelangat, "siku ile uliponikuta kwenye ngazi ukaniambia arobaini. Kesho yake nilimsikia anamgombeza punda aliyeziba ujia. Nikasema, kiziwi gani anajua punda ameanza kulia wakati punda yuko nyuma ya ukuta, hamwoni?"

"Nami nilimsikia yeye," simu ikasema. "Azungumza na mwenziwe wa Kitale. Amwambia, hapa hakuna anijuaye. Kwa Kiswahili kama chako, Kamaludin. Kikubwa kuliko chako, maana hakikuwa na urongo ndani." Akapumzika. Tukamsikia akipumzika. Ruqaiya akamsihi anyamaze, akamjibu, "Niwata niseme."

Walikuwa wanazuriana tangu hapo. Kila Jumapili Chelangat akitoka kanisani alivuka ujia, wakala mkate wa sinia, wakasema. Dirishani walipungiana nilipokuwa ninapita tu. Habari ya ufuo Bi alikuwa amemweleza yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, mwezi wa tatu, na siku ile ile Chelangat akaondoa kitanda.

"Na hukuhama," nikamwambia.

"Kwetu mama alimwosha bibi yangu jikoni," akasema. "Tuliendelea kupika humo. Mtu akikwambia ukweli una uhuru wa kuamua. Ningepanga siku ile ile, mzee. Ungesema tu."

"Lakini mnajua niliziba. Mbona hamkuzibua? Una mashine."

"Mara mbili niliileta. Mara mbili akanikataza."

Chelangat akaisogeza simu karibu na goti langu.

"Aliyeziba ndiye azibue," Bi Umulkheir akasema. "Nalikuwa nakungoja weye, Kamaludin. Kila ukipita nasema leo atapanda, ataniambia, Bi, nimefanya kosa. Miezi mitatu. Mimi si mtu wa kungoja miezi mitatu tena. Ungechelewa kidogo ningekufa nakungoja."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliupekua ulimi nikaukuta mtupu.

"Nisamehe, Bi."

"Nimekusamehe. Na faini utalipa."

"Nitalipa."

"Siku yangu, mai utayapandisha weye. Ya kisima cha nyumba yangu, kile cha tini, ngazi zote, ndoo kwa ndoo, usimpe mtu. Na tangu ndoo ya kwanza mpaka mumenifukia, neno lisikutoke. La kweli wala la urongo. Salamu itika kwa kitwa."

"Bi, magoti yangu..."

"Na yangu," akasema.

Ndipo Chelangat akainuka, akaleta kile kisanduku cha vyuma, akaunga waya. Aliniondoa kwa mkono, taratibu, kama unavyomwondoa mtoto jikoni. Mashine yake ililia dakika kumi. Hakupiga, alikata kwa kuzunguka, ukingo kwa ukingo, chokaa ya wazee hakuigusa. Kile kizibo cha saruji kilitoka kizima, akanikabidhi. Kilikuwa na moto bado.

"Niwekea simu pale," Bi Umulkheir akasema.

Akaisogeza kitoboni. Nikachukua bilauri ya maji, nikamimina. Yalishuka ndani ya ukuta kwa sauti nyembamba, yakakawia mahali, pengine kwenye kona, yakaendelea, na mwisho kabisa tukasikia mchanga ukiyanywa. Ng'ambo ya ujia, kwenye simu, tulisikia pumzi tu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Ndiyo sauti yake."

Ile chokaa niliyoipasua niliitengeneza siku sita, kwa chokaa, kwa mkono, bila mwiko. Sikuchukua kitu kwa mtu. Chelangat alikuwa akinipitishia chai.

Bi Umulkheir alifariki siku ya tisa, jua linachomoza. Ruqaiya hakuniita. Nilipofika nikakuta ndoo mbili zimewekwa mlangoni pa nyumba ya Bi, tupu, moja ndani ya nyingine. Nikazichukua.

Kisima kiko chini, nyuma ya ngazi. Nilivuta, nikajaza, nikapanda. Wanaume hawaingii anakooshwa mwanamke, na haifai hata wafike penye pazia la nyumba ya kati. Kwa hiyo Chelangat alisimama juu ya ngazi, kichwa amekifunika, akipokea ndoo mkononi mwangu, akiipeleka mpaka pazia, na mkono wa Ruqaiya ukiichukua. Harufu ya kafuri na majani ya mkunazi ilikuwa imeshajaa. Aliponirudishia ndoo tupu alinitazama magoti, akataka kusema kitu, akaacha. Labda alidhani faini inamhusu na yeye.

Ndoo ya nne nilipumzika kwenye daka, pale nje ya mlango, kati ya wanaume waliokuja kuzika. Walinisalimu, nikaitika kwa kichwa. Wakaona ajabu. Ujia mzima ulikuwa umejaa watu, na mimi ndiye mtu anayetegemewa msibani aseme marehemu alikuwa nani.

"Mwacheni," akasema Shuaib, jirani yangu, mtu niliyegombana naye miaka ishirini kwa mambo ya bao. "Ameumia. Mnajua huyu ndiye aliyemfanyia Bi haki? Alimtafutia mpangaji, mgeni wa nti nyingine, Mkristo, na akamweleza sharti la ufuo wazi wazi kabla hajaingia. Mngethubutu nyie? Na mtoto wa watu akakubali. Ni kwa sababu alielezwa kwa uaminifu."

"Mungu amlipe," akasema mmoja.

"Amin," wakasema wote.

Mzee mmoja nisiyemjua, aliyevuka kutoka Chundwa kwa ajili ya maziko, alinishika mkono wangu uliochubuka kwa mikono yake miwili. "Watu kama nyinyi wamekwisha," akaniambia. "Niombee na mimi."

Nilifumbua mdomo. Wallahi nilikuwa na neno moja tu, na lilikuwa la kweli, na nilikuwa nalitaka kuliko hewa. Juu ya ngazi, Chelangat alikuwa ameinama ananitazama.

Nikaufunga. Ndani ya ukuta, karibu na bega langu, maji yalianza kushuka. Mzee wa Chundwa akaniombea dua ndefu, nzuri, ya mtu mwaminifu, nami nikaisikiliza mpaka mwisho, macho chini, kisha nikachukua ndoo nikarudi kisimani.